Kinyesi cha Wanyama Njiani: Nani Azoe?

Njia ya pamoja ni mali ya kila apitaye. Katika Nyanda za Juu Kusini, njia moja ya udongo huweza kutumiwa tangu alfajiri hadi magharibi na wanafunzi waendao shuleni, akina mama waliojitwika ndoo za maji, waendesha baiskeli, punda waliobebeshwa magunia ya mahindi, maksai wavutao mikokoteni ya mpunga katika bonde la Usangu, na makundi ya ng'ombe yaendayo mtoni. Huko Mufindi, katika Mkoa wa Iringa, wageni nao hupanda farasi kati ya mashamba ya chai na misitu ya kupandwa. Miongoni mwa watumiaji hao wamo waachao njiani kitu ambacho wenzao hawakipendi, nacho ni kinyesi cha wanyama.

Swali ambalo limezuka katika nchi nyingi ni hili: je, mtu apandaye au aongozaye mnyama anapaswa kusimama, kuchukua beleshi na kuzoa kilichoangushwa na mnyama wake? Wako wasemao kwamba uchafu ni uchafu, na kila mwenye mnyama auondoe. Wako pia wasemao kwamba mavi ya mnyama mla majani ni majani tu yaliyosagwa, na mvua itayaondoa. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini hakuna kati yake inayotosheleza. Ili kupata jibu lifaalo, hapana budi kwanza kujua kinyesi hicho ni kitu gani, kina madhara gani, na hupatwa na nini kikiachwa.

Farasi wachache, ng'ombe wengi

Farasi hajapata kuwa mnyama wa kawaida nchini Tanzania, na sababu kubwa ni maradhi. Mbung'o hueneza nagana, ugonjwa unaomdhoofisha farasi upesi na kumwua. Pamoja na huo, upo ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaosababishwa na virusi vinavyoenezwa na visubi. Punda milia huweza kuwa na virusi hivyo bila ya kuonyesha dalili, lakini farasi asiyechanjwa akishikwa na ugonjwa huo katika hali yake kali, kwa kawaida hufa. Nyanda zenye baridi, kama Mufindi na uwanda wa Kitulo, hazina mbung'o kwa kuwa mdudu huyo hupendelea mapori yenye joto. Hii ni sababu mojawapo ya farasi wachache kuweza kuishi huko.

Kwa hiyo katika mikoa ya Mbeya na Iringa swali la kinyesi njiani linamhusu mpanda farasi kwa sehemu ndogo tu. Kwa sehemu kubwa linamhusu mwenye punda, mwenye maksai na mchungaji. Mradi wa matumizi ya maksai uliofanya kazi mkoani Mbeya tangu mwaka 1987 uliongeza ujuzi wa kulima na kusafirisha mizigo kwa nguvu za wanyama, na kazi hiyo imewaondolea wananchi wengi, hasa wanawake, mzigo wa kichwani. Kanuni yoyote ya usafi wa njia yafaa ipimwe kwa kuangalia pia faida hiyo.

Kiasi na asili yake

Farasi mkubwa mwenye uzito wa kilo 500 hutoa kinyesi cha kilo 15 hadi 25 kwa siku. Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa nusu yake hutoa kama kilo 10 hadi 15. Sehemu kubwa ya uzito huo ni maji: katika kilo kumi za mavi mabichi ya ng'ombe, nane au zaidi ni maji matupu.

Wanyama hawa hutofautiana katika namna ya kumeng'enya chakula. Ng'ombe hucheua. Majani huvundikwa na vijidudu katika tumbo lake kubwa, kisha hurudishwa kinywani na kutafunwa tena, hata mavi yake yakawa laini kama uji mzito. Farasi na punda hawacheui. Kwao kazi ya vijidudu hufanyika baada ya chakula kupita tumboni, katika mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana. Kwa sababu hiyo mavi yao hutoka katika madonge yenye nyuzi nyingi za majani zinazoonekana kwa macho, na mbegu nyingi za magugu hupita humo zikiwa hai.

Ng'ombe mmoja hutoa kinyesi kiasi cha mara kumi hadi kumi na tano katika saa 24. Kundi la ng'ombe hamsini likikaa njiani kwa muda wa saa mbili, laweza kuacha marundo yapatayo hamsini. Mpanda farasi katika muda huo huo huenda akaacha rundo moja tu, au asiache kabisa. Ni dhahiri kwamba amri ya kuzoa papo hapo, ambayo mpanda farasi aweza kuitii bila ya taabu kubwa, haiwezekani kwa mchungaji mmoja mwenye fimbo mkononi na ng'ombe hamsini mbele yake.

Hatari za kweli na hatari za kudhaniwa

Watu wengi huchukizwa na harufu, kisha wakadhani kwamba kila chenye harufu mbaya kina hatari iliyo sawa. Sivyo ilivyo. Minyoo walio wengi waishio matumboni mwa farasi na punda hawawezi kuishi ndani ya mwanadamu. Mayai yao yakianguka majanini huwangoja farasi na punda wengine. Hata hivyo, zipo hatari tatu zisizopaswa kupuuzwa.

Ya kwanza ni pepopunda. Bakteria wa ugonjwa huo huishi katika udongo na katika matumbo ya wanyama wengi, farasi akiwamo, na mbegu zake huweza kudumu ardhini kwa miaka mingi. Mtu aendaye miguu mitupu akichomwa na mwiba au msumari penye udongo wenye samadi, yuko katika hatari kama hakuchanjwa. Kuzoa kinyesi njiani hakutaondoa mbegu hizo ardhini, kwa maana zimekwisha kuenea. Kinga ya hakika ni chanjo, ambayo imo katika mpango wa taifa ulioanza mwaka 1975, pamoja na kuosha jeraha na kutopaka kamwe samadi juu ya kidonda au kitovu cha mtoto.

Ya pili ni nzi. Nzi wa nyumbani hutaga mayai yake katika samadi mbichi, kiasi cha mayai mia moja kwa mkupuo mmoja. Penye joto, yai huweza kuwa nzi kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi. Hesabu hii yatoa fundisho la manufaa: samadi ikiondolewa, ikitandazwa ikakauka, au ikifukiwa kabla ya wiki moja kupita, kizazi hicho cha nzi hakitoki. Si lazima basi kila rundo liondolewe dakika ile ile, bali ni lazima lisikae wiki nzima karibu na nyumba, soko au jiko.

Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni maji. Kinyesi cha ng'ombe, na hasa cha ndama, huweza kubeba vijidudu viletavyo kuhara kwa binadamu. Kikiwa juu ya ardhi kavu, jua huviua vingi kati yake. Kikisombwa na mvua hadi kwenye chemchemi, kisima kisichofunikwa au kijito ambamo watu huchota maji ya kunywa, huwa sumu kwa kijiji kizima. Mvua za kwanza, ambazo hushukia uchafu wa miezi mingi ya kiangazi, ndizo za kuogopwa zaidi.

Yafaa kuongeza jambo moja ambalo husahauliwa mara nyingi pale kelele zinapopigwa juu ya punda na farasi. Kinyesi kilicho cha hatari kuliko vyote katika njia za Nyanda za Juu Kusini ni kile cha binadamu mwenyewe. Uchunguzi wa wataalamu, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, umethibitisha kuwapo kwa tegu wa nguruwe katika maeneo ya Mbeya na Iringa, pamoja na Mbozi, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe. Mayai ya tegu huyo hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye mnyoo tumboni. Nguruwe aachiwaye huru hula kinyesi hicho, na malengelenge ya tegu humea katika nyama yake. Mtu alaye nyama hiyo pasipo kuivishwa vizuri hupata mnyoo tumboni. Lakini mtu amezaye mayai yenyewe, kwa maji au mikono michafu, huweza kuota malengelenge hayo ubongoni, na matokeo yake mara nyingi ni kifafa. Hapa beleshi la mpanda farasi halisaidii kitu. Vinavyohitajika ni choo kwa kila nyumba, banda kwa kila nguruwe, na mikono iliyonawiwa.

Wafagiaji wasiolipwa

Kinyesi kilichoachwa juu ya udongo hakikai bila ya mwenyewe. Dundu wa samadi, wale wadudu weusi ambao baadhi yao hufingirisha madonge, hukifikia kwa kufuata harufu. Wengine hula humo humo, wengine huchimba mashimo chini ya rundo na kuingiza samadi ardhini, na wengine hukata donge, wakalifingirisha mbali na kulifukia pamoja na yai. Mwaka 1974 watafiti Anderson na Coe walieleza jinsi dundu wapatao 16,000 walivyofika kwenye rundo la kilo moja na nusu la mavi ya tembo nchini Kenya na kulimaliza kwa muda wa saa mbili.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana wazi huko Australia. Wazungu walipopeleka ng'ombe katika bara hilo, hapakuwa na dundu waliozoea mavi makubwa na mabichi, kwa kuwa wale wa asili walizoea vijidonge vikavu vya kangaruu. Mavi ya ng'ombe yalikaa malishoni kwa miezi mingi, majani yakafa chini yake, na nzi wakazidi kupita kiasi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, wanasayansi wa nchi hiyo waliingiza aina kadhaa za dundu, nyingi kati yake zikiwa zimetoka Afrika. Kile ambacho nchi tajiri ilikitafuta ng'ambo ya bahari, mkulima wa Iringa anacho bure mlangoni pake.

Lakini wafagiaji hao wana mipaka yao. Hufanya kazi kwa wingi wakati wa masika. Katika miezi mikavu, kuanzia Juni hadi Oktoba, huwa wachache, na rundo lililokauka hubakia hadi liliwe na mchwa au livunjwe na kwato. Tena hawawezi kuchimba lami wala saruji wala ardhi iliyoshindiliwa na magari. Aidha, baadhi ya dawa za minyoo wanazopewa mifugo, kama vile ivermektini, hutoka pamoja na kinyesi na huweza kuua mabuu ya dundu kwa siku nyingi baada ya mnyama kutibiwa. Yafaa basi dawa hizo zitumiwe kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo, na kwa mnyama anayezihitaji.

Miji mingine ilivyojibu

Mwishoni mwa karne ya 19, mji wa New York ulikuwa na farasi zaidi ya laki moja, na mavi yao yalilundikana barabarani hata watu wakashindwa kuvuka. Mwaka 1895 George Waring alikabidhiwa idara ya usafi. Aliwavika wafagiaji sare nyeupe, akawagawia mitaa, na mji ukabadilika. Hapa wajibu wa kuzoa uliwekwa mikononi mwa mji wenyewe.

Mji wa Vienna, huko Austria, ulichukua njia nyingine. Tangu mwaka 2004 farasi wavutao magari ya watalii hufungiwa mfuko nyuma, na mwenye farasi ndiye mwenye wajibu. Uingereza nayo ilipotunga sheria mwaka 1996 juu ya kinyesi katika ardhi ya umma, sheria hiyo iliwahusu mbwa tu, wala haikumgusa mpanda farasi. Tofauti hiyo ina msingi wa kisayansi, kwa kuwa mbwa ni mla nyama na baadhi ya minyoo yake humwingia binadamu, ingawa mtembeaji aliyekanyaga rundo la farasi huenda asiridhike na maelezo hayo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Limuru, nchini Kenya. Mwaka 2007 baraza la mji huo lilitaka punda waingiao mjini wavalishwe mifuko ya kuzuia kinyesi. Wenye punda walilalamika, maana mnyama wa kubeba maji na mboga si sawa na farasi wa watalii, na mapato yake ni madogo. Fundisho la Limuru ni kwamba kanuni iliyo njema kwa usafi huweza kumwangukia mnyonge peke yake, ikiwa haikufikiri nani atalipia mfuko na nani atapokea faida ya kilichomo.

Mali iliyoachwa njiani

Faida hiyo ipo. Samadi mbichi ya farasi au ng'ombe ina naitrojeni kiasi cha nusu ya sehemu moja katika mia. Maana yake ni kwamba tani moja ina kama kilo tano. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya urea una kilo 23. Basi tani nne na nusu hivi za samadi hukaribia mfuko mmoja wa urea kwa naitrojeni, na zaidi ya hapo huupa udongo mboji, fosforasi na potasi, ambavyo urea haina. Farasi mmoja atoaye kilo 20 kwa siku hutoa tani saba kwa mwaka. Katika mikoa ambayo kwa miaka mingi imetegemewa na taifa zima kwa mahindi, na ambayo bei ya mbolea ya dukani huwaelemea wakulima wadogo, hicho si kitu cha kutupwa.

Lakini mali hiyo huharibika upesi. Samadi ikiachwa juani, sehemu ya naitrojeni hugeuka kuwa amonia na kupotea hewani, na ile iliyobaki huweza kuchukuliwa na mvua. Samadi ya njiani hufaa iwapo imezolewa mapema. Ikilundikwa pamoja na majani makavu kwa kimo cha meta moja au zaidi, ikanyunyiziwa maji na kugeuzwa mara kwa mara, joto la ndani hupanda hadi nyuzi 55 au 65 za Selsiasi. Joto hilo likidumu kwa siku kadhaa, huua mbegu nyingi za magugu, mayai ya minyoo na vijidudu vya maradhi. Samadi mbichi isiwekwe kamwe kwenye mboga zinazoliwa bila ya kupikwa.

Wazo hili si geni katika Nyanda za Juu Kusini. Wanyakyusa wa Rungwe tangu zamani walifagia mazizi yao na kupeleka samadi migombani, na msafiri Joseph Thomson, aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alivisifu vijiji vya huko kwa usafi wake. Hapo usafi na kilimo vilikuwa kazi moja.

Nani basi azoe?

Kutokana na hayo, jibu halitegemei mnyama peke yake, bali mahali. Penye lami, sokoni, kituo cha mabasi, uwanja wa shule na mlango wa zahanati, dundu hawawezi kufanya kazi na watu ni wengi. Hapo kinyesi hakina budi kuondolewa siku ile ile, na wajibu wa kwanza ni wa mwenye mnyama. Penye chemchemi, kisima au kivuko, kiondolewe mara moja bila ya kubagua mnyama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kuweka eneo la hifadhi la meta 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na kipimo hicho chaweza kuwa mwongozo mzuri kwa lundo la samadi pia.

Katika njia nyembamba ya udongo, mbali na maji na nyumba, yatosha kukisukuma kinyesi pembeni na kukitawanya kwa fimbo au jembe. Kikitawanywa hukauka, nzi hukosa mahali pa kuzalia, na dundu humaliza kazi. Mpanda farasi si lazima ashuke papo hapo, kwa kuwa farasi aliyeachwa bila ya mshikaji huweza kushtuka na kuumiza watu. Aweza kurudi baadaye, au kumtuma mtu. Lakini kwa kuwa yeye hupita kwa starehe mahali ambapo wengine hupita kwa kutafuta riziki, wengi watakubali kwamba wajibu wake si mdogo kuliko wa mwenye punda.

Kwa makundi ya ng'ombe, kazi ya mtu mmoja mmoja haiwezekani, na hapo yafaa pawe na mpango wa kijiji: njia ya mifugo iliyotengwa, mahali maalumu pa kunyweshea, na ufagio walau mara moja kila wiki, yaani kabla nzi hawajatimia. Mamlaka ya wilaya na halmashauri za vijiji zina uwezo, chini ya sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, wa kutunga sheria ndogo juu ya mambo kama haya. Sheria ndogo hizo zikisema wazi kwamba samadi iliyoachwa katika njia ya umma ni mali ya yeyote aizoaye, huenda maneno machache hayo yakasafisha njia kuliko faini nyingi. Pale ambapo mwenye mnyama hawezi kuzoa, mwenye bustani atafika na toroli.

Wajibu wa kuzoa na haki ya kuchukua havina budi kwenda pamoja. Kijiji kikivipanga hivyo, punda ataendelea kubeba maji, mtoto atakwenda shuleni bila ya kuruka marundo, na mahindi yatapata chakula kilichokuwa kikikaukia juani.